Nachukua kozi za kujiandaa na unesi, sisomei shahada, FAFSA (fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu) imegoma. Wenzangu ada mnailipaje?

Neema_wa_Kibosho | 3 Agosti

Habari zenu wapendwa. Nina siku kumi na mbili tu za kupata jibu, ndiyo maana nimeamua kuja hapa.

Mimi ni Mtanzania, mama wa watoto wawili, niko Columbus, Ohio, tangu 2022. Tulikuja na mume wangu kwa bahati nasibu ya grini kadi. Nyumbani nilikuwa mhasibu, shahada yangu niliipata Morogoro mwaka 2011. Huku nafanya kazi nyumba ya wazee kama STNA, msaidizi wa manesi (kwa mlio nje ya Ohio, ni hao hao mnaowaita CNA). Zamu yangu ni ya usiku, saa tano mpaka saa moja asubuhi. Kuna bibi mmoja ninayemhudumia, alikuwa nesi enzi zake. Usiku mmoja aliniangalia nikimbadilisha shuka akaniuliza mbona sisomi. Nikamwambia nina watoto. Akasema na yeye alikuwa nao watatu. Tangu siku hiyo sijatulia.

Nimepata programu ya unesi ya muda mfupi kwa watu wenye shahada ya fani nyingine. Ila hawakupokei mpaka uwe na kozi hizi: anatomia na fiziolojia ya kwanza na ya pili, mikrobiolojia, kemia, takwimu, saikolojia ya makuzi ya binadamu, na lishe. Nikajisajili koleji ya jamii iliyo karibu na kwetu. Kwenye fomu kulikuwa na swali kama nasomea shahada pale au la. Nikajibu ukweli kwamba sisomei, nataka kozi chache niondoke nazo. FAFSA nikajaza. Mwezi Mei niliuliza dirishani nikaambiwa jaza tu, mengine yatashughulikiwa. Nikakaa nikijua nimemaliza.

Wiki iliyopita bili imekuja. Krediti nane, yaani anatomia ya kwanza nne na kemia nne, dola 1,416 pamoja na ada ya maabara. Vitabu havimo. Mwisho wa kulipa ni tarehe 15. Nilipopiga simu nikaambiwa mwanafunzi asiyesomea shahada hana msaada wa serikali kuu, na simu ikakatwa.

Akiba yetu ni dola 900. Mume wangu anaendesha lori, mwezi huu lilikaa gereji siku tisa. Kila mwezi natuma Kibosho hela ya dawa za presha za mama, hiyo siigusi hata iweje.

Nyie mliopita njia hii mlilipaje? Kuna mkopo wa mtu kama mimi? Na nisipolipa ifikapo tarehe 15, wananiondoa tu darasani au kuna kingine?

Mtoto_wa_Gongolamboto | 3 Agosti

Dada hiyo mbona nyepesi. Rudi kwenye mfumo, badilisha useme unasomea shahada, chagua yoyote ile. Ukishakuwa wa shahada ruzuku ya Pell ya serikali inaingia, na ukiwa na watoto wawili utapata mpaka chenji ya kununulia laptopu. Hapa Houston naona watu wanafanya kila muhula.

MamaSalma_Tanga | 3 Agosti

Neema mdogo wangu, pole sana. Hiyo bili naijua, nilishawahi kuishika mkononi nimekaa kwenye gari nje ya kazini nashindwa kushuka. Nilianza kozi hizo hizo mwaka 2018, hapa hapa Ohio, leo ni nesi mwenye leseni. Ninaandika kirefu kwa sababu mimi sikuwa na wa kuniandikia.

Kwanza nianze na kaka wa Houston. Najua unamtakia mema, lakini ushauri huo utamuumiza. Neema ana shahada ya kwanza. Ruzuku ya Pell ni ya wasio na shahada ya kwanza, na shahada ya Morogoro inahesabiwa sawasawa na ya hapa. FAFSA inauliza swali hilo waziwazi. Akijibu hana, ametia saini uongo kwa serikali kuu, naye ni mtu wa grini kadi anayengojea uraia. Faili la mtu wa namna hiyo lazima liwe safi. Akijibu ukweli kwamba anayo, Pell haiji hata akichagua shahada kumi. Kwa hiyo Pell tuiweke pembeni kabisa.

Sasa wewe. Kilichokukwamisha ni lile swali moja la kwenye fomu. Misaada ya serikali kuu hufuata mtu aliyesajiliwa kwenye programu ya shahada au cheti kinachokubalika. Usiyesomea shahada, kwa mfumo wao wewe ni mpita njia. Lakini kuna mlango mmoja ambao watu wa dirishani wengi hawautaji usipoutaja wewe. Ni mkopo wa kozi za maandalizi. Mtu ambaye chuo kingine kinamdai kozi fulani kabla ya kumpokea anaweza kukopa mkopo wa moja kwa moja wa serikali kuu kwa ajili ya kozi hizo, japo hasomei shahada. Masharti yake:

Mkopo huo ni wa miezi kumi na miwili mfululizo, mara moja tu. Miezi ikianza kuhesabika haisimami, hata mtoto akiugua. Lazima uwe umesajili angalau nusu ya mzigo wa mwanafunzi kamili, yaani krediti sita kwa muhula. Wewe una nane, kwa hiyo usipunguze hata kozi moja kabla hujazungumza nao. Kwa anayejiandaa kuingia programu ya ngazi ya shahada ya kwanza, kama hiyo yako, kiwango cha juu ni dola 2,625, na kwa mtu anayejitegemea, ambaye wewe ni mmoja wao kwa kuwa umeolewa na una watoto, kuna nyongeza mpaka dola 6,000 ambayo riba yake huanza siku hiyo hiyo. Na kozi ziwe zinadaiwa kweli. Kozi ya kupandishia wastani tu haiingii.

Karatasi ya kuzipata hizo ni barua. Nenda programu ya unesi, waombe wakuandikie kwenye karatasi ya chuo orodha ya kozi wanazokudai, moja moja kwa jina. Hiyo barua ipeleke ofisi ya misaada ya koleji yako, na uwatajie neno lenyewe, mkopo wa kozi za maandalizi. Usiulize "kuna msaada?", maana hapo ndipo simu inapokatwa. Uliza "fomu yenu ya kozi za maandalizi iko wapi?" Mimi mara ya kwanza nilijibiwa hapana na mtu wa dirishani, mara ya pili nilijibiwa ndiyo na mkubwa wake, kwenye jengo hilo hilo, siku hiyo hiyo.

Barua hiyo hiyo ipige nakala. Nitakuambia kwa nini.

Kazini kwako waulize habari ya msaada wa masomo kwa wafanyakazi. Nyumba nyingi za wazee wanao, kwa sababu manesi ni wachache na wanajua STNA aliyesoma atabaki kwao. Kisheria mwajiri anaweza kumlipia mfanyakazi mpaka dola 5,250 kwa mwaka bila kukatwa kodi, na sheria haidai uwe unasomea shahada. Lakini mwajiri mwenyewe anaweza kuwa na sharti lake la shahada kwenye kitabu cha kazi. Hapo ndipo barua inapofanya kazi. Mimi niliipeleka, nikaonyesha kwamba bila kozi hizi sina njia ya kuingia unesi, wakakubali. Walinipa dola 2,000 kwa mwaka. Usome kwa makini mambo mawili kabla ya kutia saini, daraja wanalotaka (kwangu ilikuwa C au zaidi) na muda wa kubaki kazini baada ya kulipiwa (kwangu mwaka mmoja, ukiondoka mapema unarudisha).

Na hapa ndipo penye shida yenyewe, mdogo wangu. Mwajiri analipa baada ya matokeo. Mkopo unaingia muhula umekwisha anza. Koleji inataka hela tarehe 15. Mimi kilichonisumbua miaka yote ile ni nani atatangulia kutoa. Mwisho wa hesabu wa kusaidia wapo, ila wote wanakuja nyuma yako.

Kwa hiyo mimi nilitanguliza mchezo. Tulikuwa wanawake kumi, wengi wa Tanga na Mombasa, dola 200 kila mwezi, dola 2,000 kwa anayepokea. Nilimwendea kijumbe mwezi wa Machi nikamwomba zamu yangu iangukie Agosti. Akanipa. Mwaka uliofuata nikaomba Januari. Wenzangu walikuwa wanapokea wakanunua kochi, wakalipa tiketi ya kwenda kwao, na mimi nikalipa mikrobiolojia. Matokeo yakitoka mwajiri ananirudishia, nayo hela hiyo inakaa ikingoja muhula unaofuata. Hela ni ile ile, inazunguka.

Kwa sasa huna mchezo, kwa hiyo omba malipo kwa awamu. Koleji karibu zote wanayo, mtu yeyote anaruhusiwa, hawaangalii unasomea nini wala hakuna riba, ni kiingilio kidogo tu. Ila awamu ya kwanza lazima ifike kabla ya tarehe yao.

Swali lako la mwisho ndilo linaloniuma zaidi. USIDHANI usipolipa watakufuta. Baadhi ya vyuo hufuta, vingine havifuti. Muhula wa kwanza wa 2018 nilisajili mikrobiolojia, Salma akalazwa na pumu, sikuhudhuria hata siku moja, sikulipa, nikajua jina langu limeondoka lenyewe. Halikuondoka. Nilipata F na deni. Deni la chuo cha umma hapa Ohio likichelewa hukabidhiwa kwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo likusanywe, na linapanda kwa gharama za ukusanyaji. Sikuweza kusajili kozi nyingine mpaka nimelimaliza, na ile F niliieleza kwenye kila ombi la unesi nililoandika. Kama umeamua huendi, ingia kwenye mfumo uifute mwenyewe ndani ya wiki ya kurudishiwa ada yote, kisha piga picha ya skrini.

Bado kuna kuokoa. Usilipie kozi uliyokwisha kuisoma. Mhasibu wa Morogoro amesoma takwimu. Peleka transkripti yako ikatathminiwe kozi kwa kozi, mimi nilitumia shirika la WES, kisha waulize unesi kama wanaipokea. Wapo wenye ukomo wa miaka mitano au saba, hasa kwa sayansi, lakini takwimu yangu ya nyumbani ilipokewa ikiwa na umri wa miaka kumi na moja. Hizo ni krediti tatu ambazo hukuzilipa. Na saikolojia ya makuzi ina mtihani wa CLEP, ukiufaulu unapata krediti bila kukaa darasani. Wako watu wanaitwa Modern States wana masomo ya bure mtandaoni, ukimaliza wanakupa vocha ya kulipia mtihani. Uliza kwanza unesi kama wanakubali CLEP, maana si wote.

Na jambo la mwisho, si lazima ulifuate. Hiyo koleji yako yawezekana ina unesi wa miaka miwili. Anayemaliza hapo anafanya mtihani ule ule wa leseni, NCLEX, kama aliyemaliza chuo kikuu. Ukiingia huko kwa nia ya kweli wewe ni mwanafunzi wa shahada, Pell hutapata kwa sababu nilizosema, ila mikopo ya kawaida inafunguka na ada ni ya koleji, si ya chuo kikuu. Kaa na mume wako mpige hesabu zote mbili. Mimi sikuambiwa, na nimebaki na deni la chuo kikuu ambalo hadi leo linakatwa kila tarehe 20.

Mtoto_wa_Gongolamboto | 3 Agosti

Mama Salma shikamoo. Hilo la shahada ya nyumbani kuhesabiwa sikulijua kabisa. Dada Neema naomba radhi, usifuate nilichoandika.

Neema_wa_Kibosho | 4 Agosti

Shikamoo dada Mama Salma. Nimesoma ujumbe wako saa kumi na moja alfajiri nikiwa mapumziko, nikaunakili kwenye daftari kwa mkono. Asante sana, sana. Kaka wa Houston usijali, ulijibu kwanza wakati wengine wamenyamaza.

Leo sikulala. Nimetoka kazini nimekwenda moja kwa moja programu ya unesi, wameahidi barua Jumatano. Kazini msimamizi hakujua lolote kuhusu msaada wa masomo, akanielekeza kwa mama wa rasilimali watu ambaye anakuja Alhamisi tu. Awamu zipo: kiingilio dola 30, kisha dola 354 mara nne, ya kwanza tarehe 15. Hiyo naiweza.

Naogopa mkopo. Kwetu baba aliwahi kuweka rehani kihamba, shamba letu la ukoo, kwa deni la chama cha ushirika, tulikaa miaka hatujui kama kahawa ile ni yetu au si yetu. Nikichukua dola 2,625 na nisipopokelewa unesi, inakuwaje?

MamaSalma_Tanga | 4 Agosti

Marahaba mdogo wangu. Usipopokelewa deni linabaki kuwa lako, siwezi kukudanganya. Ndiyo maana nakuambia lipa awamu ya kwanza, sikiliza kazini wanasema nini Alhamisi, mkopo uufanye akiba ya mwisho. Kuomba fomu si kukopa. Hata wakikupangia kiasi, una haki ya kukataa au kuchukua sehemu tu. Ila kumbuka ile miezi kumi na miwili: ukiuanza Agosti hii kwa kozi mbili, Agosti ijayo unafungwa, na kozi zitakazokuwa zimebaki haziupati tena. Kama utautumia, utumie muhula wenye mzigo mkubwa.

Baba_Shiru_MN | 5 Agosti

Hamjambo nyote. Mimi ni Mkenya, naishi Minnesota, na kila mwaka kuanzia Februari najitolea kwa VITA, ule mpango wa kuwajazia watu ritani za kodi bila malipo. Mama Salma ameeleza vizuri hata sina la kuongeza upande wa karo (na mchezo wenu sisi twauita chama, mke wangu alilipia karo yake vivyo hivyo). Lakini hakuna aliyegusa kodi, na hapo dada Neema kuna pesa yako.

Kuna mapunguzo mawili ya kodi ya elimu. Moja kubwa, la mpaka dola 2,500, ni la wanaosomea shahada na katika miaka minne ya mwanzo tu, kwa hivyo hilo silo lako. La pili ni la kujifunza maishani, na hilo halidai shahada. Hata kozi moja inatosha, mradi ni katika chuo kinachotambuliwa kwa misaada ya serikali kuu na unasoma ili upate au uboreshe ujuzi wa kazi. Unarudishiwa asilimia 20 ya ulicholipa, kwa karo isiyozidi dola 10,000 kwa mwaka, maanake mpaka dola 2,000 kwa ritani moja. Halina ukomo wa miaka. Kwa bili yako ya 1,416, ni kama dola 283. Si nyingi, lakini ni kitabu cha anatomia.

Mambo ambayo huwa naona watu wakikosea mezani kwangu. La kwanza, pesa ambayo mwajiri amekulipia bila kodi huwezi kuiombea punguzo tena. Akirudisha 1,000, wewe unaombea 416 pekee. La pili, hili punguzo hupunguza kodi unayodaiwa, likifika sifuri linaishia hapo, halitoi pesa mkononi. La tatu, vitabu havihesabiwi isipokuwa koleji yenyewe ikulazimishe kuvinunua kwao kama sharti la kusajiliwa. La nne, mkifungua ritani mbalimbali wewe na mumeo, mmelipoteza. Fungueni pamoja. Na kwa mliofunga ndoa na kufungua pamoja, linaanza kupungua mapato yakifika dola 160,000, na 180,000 linaisha.

Tena kuna hili, ambalo nalipenda sana kuwaambia watu: karo ya muhula unaoanza Januari hadi Machi ukiilipa Desemba, inahesabika katika mwaka uliolipa. Kwa hivyo kama mwaka huu mna kodi kubwa ya kulipa, tanguliza awamu ya Januari kabla ya mwaka kugeuka.

Weka kila risiti. Koleji itakutumia fomu 1098-T, ya kuonyesha karo uliyolipa, mwezi wa Januari, wengi huiona mtandaoni wakadhani ni tangazo. Ukija VITA uje nayo, sisi tutakujazia 8863, fomu ya kuombea punguzo hilo.

Mama_Twalib | 5 Agosti

Samahani kwa kudandia. Mimi nimemfuata mume wangu anayesoma hapa, niko kwa viza ya F-2. Nami naruhusiwa kuchukua kozi moja moja hivi?

Baba_Shiru_MN | 5 Agosti

Mama Twalib, ndiyo. Tangu 2015 mwenye F-2 aliye mtu mzima anaruhusiwa kusoma, bora isiwe mzigo kamili wa mwanafunzi na chuo kiwe kimeidhinishwa kupokea wanafunzi wa kigeni. FAFSA haikuhusu, na kufanya kazi huruhusiwi, kwa hivyo karo yote ni ya mfukoni kwenu. Kabla ya kujisajili pitia ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwa mumeo. Na kama kuna mtu anasoma hapa yuko kwa viza ya matembezi, huyo asijisajili kozi ya krediti hata moja, itamharibia.

Mzee_wa_Pangani | 6 Agosti

Wanangu, nimesoma yote. Mimi nina miaka 67, niko Columbus kwa mtoto wangu, ni mkazi wa hapa. Ohio State wana mpango unaoitwa Program 60, mkazi wa Ohio aliyefika miaka 60 anaingia darasani bure palipo na nafasi. Hupati krediti, hufanyi mtihani, lakini unasikiliza kama wengine. Nimekaa humo mihula mitatu, yote ya historia. Nawaambia ili mwenye mzazi hapa nyumbani anayekodolea dirisha mchana kutwa ajue.

Mwanangu Neema, mjukuu wangu alimaliza anatomia mwaka jana. Kitabu chake kipo, na mifupa ya plastiki ya mkono na mguu ipo kwenye boksi chini ya kitanda changu. Mwalimu akiridhia toleo hilo, vyote ni vyako. Nitakuandikia faraghani.

Neema_wa_Kibosho | 14 Agosti

Shikamoo Mzee. Shikamoo dada Mama Salma. Nawaletea nilipofikia.

Barua ya unesi nimeipata, nimetoa nakala sita. Takwimu yangu ya Morogoro hawajaikubali wala kuikataa, wanasubiri tathmini, nimeshaagiza transkripti kwa mdogo wangu aliyeko kule aifuatilie kwa miguu. CLEP ya saikolojia wanaikubali, nimeanza masomo ya bure jana.

Kazini msaada upo, ni dola 1,500 kwa mwaka kwa anayefanya masaa 30 na zaidi kwa wiki, daraja C, na kubaki miezi sita. Kitabu chao kimeandika "programu ya shahada" kama ulivyosema dada. Mama wa rasilimali watu alisoma barua mara mbili, akatoka nayo, akarudi imetiwa saini na mkuu wa jengo. Nililia mbele yake.

Fomu ya kozi za maandalizi ipo kweli. Nilipoitaja kwa jina yule dada wa dirishani aliivuta kutoka kwenye droo. Nimeijaza lakini sijaipeleka. Tumekubaliana na mume wangu tuiweke mpaka muhula wa Januari, nitakapochukua anatomia ya pili na mikrobiolojia kwa pamoja, kama hela ya mchezo niliojiunga nao haitatosha. Unesi wa miaka miwili tumeuandikia hesabu yake pembeni, tutaamua Krismasi.

Awamu ya kwanza, dola 384 pamoja na kiingilio, nimelipa leo mchana. Risiti nimeipiga picha, na ya karatasi iko ndani ya Biblia. Bibi yangu wa kazini nilimwonyesha ile picha usiku, akaomba miwani yake aisome mwenyewe.

Dada Mama Salma, kijumbe amenipigia. Zamu ya Januari ni yangu. Darasa linaanza Jumatatu tarehe 25 saa mbili na nusu asubuhi, kutoka kazini mpaka pale ni basi moja.